Si kila Mauser ni ya Mjerumani: jinsi ya kusoma bunduki za kale ukiwa makumbusho

Watu wakiona bunduki ndefu ya zamani, ya komeo la kuvuta, na kibao pembeni kimeandikwa Mauser, jibu liko tayari mdomoni, ya Mjerumani hiyo. Hapa Lamu ndo kabisa, manake ile posta ya Wajerumani iko palepale mjini, ilifunguliwa Novemba 1888 ikafungwa Machi 1891, na habari za Witu na kina Denhardt, wale ndugu wa Kijerumani, kila mtoto kazisikia, kwa hivyo chuma chochote cha kale chenye jina la kule kinaangukia kwa Mjerumani. Mimi kazi yangu ni vyuma vya makumbusho, kuvisafisha, kuvisoma, kuviandikia kumbukumbu. Na kwenye bunduki za Mauser kuna mambo matatu ambayo watu huyafanya moja: kiwanda kilichoitengeneza, nchi iliyoinunua, na mtu wa mwisho aliyeitumia. Mara nyingi ni sehemu tatu tofauti kabisa, na zote zimeandikwa pale pale juu ya chuma kwa yule anayejua pa kuangalia.

Kwa ufupi asili yake. Paul Mauser na kakake Wilhelm walikuwa mafundi wa Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar, na bunduki yao ikakubaliwa na jeshi la Ujerumani 1871. Ilikuwa ya risasi moja moja, kipenyo milimita 11, baruti nyeusi ile ya moshi mwingi. Halafu 1886 Mfaransa akatoka na Lebel iliyotumia baruti isiyo na moshi, na hapo ndo dunia nzima ikachanganyikiwa, kila serikali ikaona bunduki zake zimepitwa, kila mtu anataka mpya na anaitaka haraka. Mauser alikuwa na michoro tayari na alikuwa anauza kwa yeyote mwenye pesa. Hiyo ndo sababu ya hizi jamii zote za nchi mbalimbali tunazoziona leo makabatini.

Mbelgiji alichukua yake 1889, na kiwanda cha FN pale Herstal kilianzishwa mwaka huohuo kwa ajili ya kuzitengeneza hizo, oda ya bunduki 150,000. Hii ni rahisi kuijua, mtutu umevikwa bomba la chuma jembamba juu yake kama ala. Argentina ikafuata 1891. Zote hizi za mwanzo zina magazini inayoning'inia chini mbele ya kifyatulio, kwa sababu risasi tano zinapangwa moja juu ya nyingine kwa mstari mmoja. Halafu ikaja ya Uhispania ya 1893, milimita 7, na hapo risasi zikapangwa kwa kupishana, kushoto kulia kushoto, tumbo likaisha, chini ikawa laini. Kwangu mimi hiyo ndo hatua kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko ya 1898 ambayo kila mtu anaisifu. Wamarekani walikutana nayo Kuba, kilima cha San Juan, Julai 1898, na baadaye walipotengeneza yao ya Springfield 1903 walichukua mengi ya Mauser mpaka ikabidi wamlipe dola 200,000.

Ile ya 1898 yenyewe utaijua kwa komeo. Lina meno mawili mbele na la tatu nyuma la usalama, na inajitega, yaani springi ya kufyatulia inabanwa tayari, wakati unafungua komeo, wakati zile za 1889 na 1893 zinajitega ukisukuma kufunga. Basi, hayo yatosha kwa umbo. Umbo linakwambia kizazi tu, halikwambii nchi, na hapo ndo watu wanapotea.

Nchi iko kwenye chapa. Pa kwanza kuangalia ni ile ringi juu, pale mtutu unapoingia kwenye bodi, kile chuma cha kati kinachobeba komeo, hapo ndo mnunuzi anapiga nembo yake. Pa pili ni ubavu wa kushoto wa bodi, hapo ndo kiwanda kinaandika jina. Sasa nenda kwenye ya Mturuki, na hii naipenda kuliko zote, na nadhani mtu wa Lamu ana uwezo nayo kuliko Mzungu yeyote aliyeiandikia kitabu, kwa sababu mtu wa Lamu kasoma chuoni kwa Kurani, herufi za Kiarabu anazisoma.

Waturuki waliingia mkataba na Mauser 1887, bunduki nusu milioni na fupi zake elfu hamsini, kipenyo milimita 9.5, na wakatia sharti moja la akili sana: ikitokea Mauser kabuni kitu bora zaidi katikati ya kazi, basi zilizobaki zitengenezwe kwa mtindo huo mpya. Ikawa hivo hivo. Walishapokea zaidi ya laki mbili za baruti nyeusi, ikaja baruti isiyo moshi, wakalishika sharti lao, wakaletewa za 1890 za milimita 7.65, na baadaye za 1893. Kwa hivyo mkataba mmoja umezaa bunduki ambazo ukiziweka pamoja hazifanani.

Ukiiangalia kwa karibu, juu ya ringi kuna tughra ya Sultani Abdulhamid, ile saini iliyopindwapindwa. Ubavuni jina la kiwanda cha Mauser limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kipimo cha kulengea umbali kina tarakimu zetu zile za chuoni. Halafu yakaja ya 1928, Uturuki ikaacha herufi za Kiarabu ikachukua za Kilatini, na miaka ya thelathini wakazikusanya hizi bunduki za zamani, wakazibadilisha zipige risasi ya milimita 7.92, wakazipiga chapa mpya, T.C. ASFA ANKARA, yaani Jamhuri ya Uturuki, kiwanda cha jeshi, Ankara, na mwaka. Utakuta moja ringi yake inasema Ankara kwa Kilatini na ubavu wake bado una Kiarabu cha wakati wa Sultani. Hiyo ni historia ya nchi nzima kwenye nafasi ya shubiri moja, na mimi nikiipata kama hiyo siachi kuiangalia.

Lakini hapa pana mtego wa miaka, na watu wazima na elimu zao huuingia. Chukua namba ١٣٠٩, yaani 1309. Ukiwa umezoea kalenda ya mwezi, ile tunayofungia Ramadhani, utasema ni 1891 au 1892, na hesabu yako ni sahihi. Ila serikali ya Kituruki kwenye mambo ya ofisi ilikuwa na kalenda yake ya jua, na kwa kalenda hiyo 1309 inaanzia Machi 1893. Halafu ukienda Iran, wao nao wana ya jua lakini ya hesabu nyingine, na 1309 yao ni 1930, na kweli kuna Mauser ya Iran inayoitwa modeli ya 1309, iliyotengenezwa Brno kule Chekoslovakia. Namba ileile, miaka takriban arobaini katikati. Sasa unazitofautishaje? Kwanza nembo, ya Iran ina simba na jua. Pili angalia tarakimu kwenye kipimo cha kulengea, nne na sita za Kiajemi zinaandikwa ۴ na ۶, za Kiarabu ni ٤ na ٦, haziwezi kukudanganya. Tatu umbo, ya Iran ni ya kizazi cha 98. Na kama unabishana ni ya Kituruki ya 1890 au ya 1893, angalia tumbo la magazini, kama linaning'inia ni ya 1890, kama ni laini ni ya 1893.

Mtego kama huo uko na namba 24 pia. Bunduki ya Brno inayoitwa vz. 24 ni ya 1924. Ile ya China inayoitwa aina ya 24, maarufu kwa jina la Chiang Kai-shek, ni ya 1935, kwa sababu wao walihesabu kuanzia jamhuri yao. Nshaona kibao kimoja kimezichanganya hizi mbili, na kikishabandikwa ndo kinapigwa picha na kusambaa.

Sasa chapa zilizofutwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Za Argentina nyingi zilizouzwa nje ya nchi zimesagwa nembo, ukipitisha kidole juu ya ringi unakuta pameingia ndani kidogo na pana mng'aro tofauti. Mtu asiyejua ataona bunduki haina chapa, au mbaya zaidi ataona imechakaa atachukua msasa aipige iwe nzuri. Usifanye hivo, kabisa. Pale paliposagwa penyewe ni ushahidi, panakwambia mwenye nayo aliiuza na hakutaka jina lake litembee nayo. Vilevile za Orange Free State, dola ya Makaburu kusini mwa Afrika, zilipigwa OVS, na kuna ambazo vita vyao na Mwingereza vilianza kabla hazijafika, zikauzwa Chile, ndo maana utaikuta OVS na nembo ya Chile kwenye chuma kimoja. Na zile zilizowafikia Makaburu wengi walichonga majina yao kwenye mti wa kitako kwa kisu, na hayo nayo mtu asiyejua anayaona ni uharibifu anayapiga vanishi.

Baada ya vita vya pili mambo yakazidi. Za Ujerumani zilizotekwa zikagawanyika, Norway wakazipiga HÆR kwa ajili ya jeshi lao la nchi kavu, Wayugoslavia wakafuta za Kinazi wakatia zao, na Israeli nao wakapiga nyota yao juu ya bunduki iliyotoka kwenye jeshi la Hitler. Hii ya mwisho sihitaji kuieleza.

Kwa Waswidi nitaongeza kitu kimoja tu, ile sahani ndogo ya shaba iliyopigiliwa kwenye kitako cha m/96, yaani bunduki yao ya 1896. Imegawanywa sehemu, na kila sehemu ina alama: kipenyo cha ndani ya mtutu, hali ya mtutu kwa daraja, na marekebisho ya kulenga kwa risasi mpya. Yaani bunduki inatembea na cheti chake cha daktari. Ukiona sahani hiyo haina haja ya kuuliza ni ya nani.

Na huku kwetu? Askari wa Kijerumani wa Tanganyika 1914 wengi wao bado walikuwa na ile ya 1871, ya moshi, ukipiga mara moja adui anajua ulipo. Kwenye vita vya Tanga Novemba mwaka huo waliteka bunduki za kisasa kwa mamia na bombom 16, yaani bunduki za rashasha, kutoka kwa jeshi la Waingereza na Wahindi, na hapo hali ikabadilika. Aprili 1915 ikaja meli ya Rubens, imejificha kwa jina la Kidenmark, ikafukuzwa na manowari ya Kiingereza mpaka ikaingia Manza Bay kaskazini ya Tanga. Mzigo ulikuwa na bunduki mpya kama 1,800 na risasi nyingi, wapiga mbizi wakautoa majini, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja zikakaushwa baruti. Mtu wa pwani anajua maji ya chumvi yanafanya nini kwa chuma, chumvi ikishaingia haitoki kwa kufuta na mafuta, inakula chini kwa chini.

Novemba 1917 pale Ngomano, wakati von Lettow, kamanda wa Wajerumani, amevuka Ruvuma, wakawateka Wareno na bunduki zao. Za Wareno nazo ni za jamii hii, Mauser-Vergueiro za 1904, zilitengenezwa Ujerumani, zina taji na herufi ya mfalme Carlos, na mkono wa komeo ukifunga unakaa mbele ya daraja la bodi, ule upinde wa chuma wa nyuma unaopita juu ya komeo, haukai nyuma yake kama nyingine. Kwa hivyo ukisikia askari wa Mjerumani alikuwa na Mauser, bado hujaambiwa kitu. Ipi? Ya 71, ya 98, au ya Mreno aliyetekwa?

Kaskazini yetu Ethiopia nayo ilinunua zake kwa FN wakati wa Haile Selassie, hizo zina Simba wa Yuda juu ya ringi, na ukizingatia ukaribu wetu mimi naona hizo ndo tungezijua kuliko hata za Mjerumani.

Ukienda makumbusho yoyote, iwe Nairobi au Leeds au ile ya kijeshi ya Istanbul, na wameruhusu picha, zima flashi, inaua chapa. Omba mwanga uje kwa ubavuni, ulale juu ya chuma, hapo hata nembo iliyosagwa nusu inajitokeza. Piga ringi, piga ubavu wa kushoto, piga kipimo cha kulengea, halafu magazini kutoka chini. Namba ya kwenye komeo ilinganishe na ya kwenye bodi, zikitofautiana jua komeo si lake la asili. Kama kibao kinasema Ujerumani na ringi inasema kingine, mwambie mwangalizi kwa adabu, na muonyeshe hiyo ringi.