Fransisko hakusema hivo jamani

Hapa Unguja tukianza kuongelea namna ya kumshuhudia jirani imani yetu, lazima atokee mtu aseme Mtakatifu Fransisko wa Assisi, yule mtawa wa Italia wa zama za kati, alifundisha "hubirini injili kila wakati, ikibidi tumieni maneno", na mazungumzo yanaishia hapo. Maneno hayo sio yake. Hayamo kwenye maandishi yake wala kwa walioandika maisha yake zama zile, na mwenyewe alikua mhubiri haswa, anazunguka kijiji kwa kijiji anaongea na watu. Mwaka 1219, tena katikati ya vita vya msalaba, alivuka kwenda kwa Sultani al-Kamil karibu na Damietta kule Misri akamueleza imani yake kwa mdomo, sultani akamsikiliza na Fransisko akarudi salama. Ila kanuni aliyowaandikia ndugu wa shirika lake la watawa 1221 ndo inatugusa hasa sisi tunaoishi na Waislamu mlango kwa mlango, mana imetaja njia mbili za kuishi kati yao, ya kwanza kaa nao bila ubishi wala ugomvi, mtumikie kila mtu na usifiche kwamba we Mkristo, ya pili litangaze neno ukiona Mungu amependa. Yani hata ile njia ya upole haikua ya kujificha.