Kitibeti si maandishi ya picha

Wako wanaoamini kwamba Kitibeti huandikwa kwa alama za picha kama Kichina, hivyo kompyuta lazima iwe na namba ya pekee kwa kila umbo. Sivyo. Kitibeti kina konsonanti 30 za msingi na alama 4 za irabu, na asili yake ni maandishi ya India.

Kinachowachanganya watu ni herufi kubebana. Tazama neno རྐང་པ, yaani mguu. Mwanzoni “ra” imepanda juu ya “ka”, zikaonekana kitu kimoja. Ndani ya kompyuta ni namba mbili (namba hizi huandikwa kwa tarakimu pamoja na herufi A hadi F): ra ni 0F62, na ka inayokaa chini ni 0F90. Ka ya kawaida, isiyokaa chini ya herufi nyingine, ni 0F40. Neno zima lina namba 5 tu, tena mojawapo, 0F0B, ni ya kile kitone kinachotenga silabi.

Unicode, yaani mfumo wa kimataifa unaozipa herufi namba hizo za kompyuta, iliingiza Kitibeti mwaka 1991, ikakiondoa 1993, kisha ikakirudisha 1996 kwa mpango huu wa kuzipa herufi za chini namba zake. Kwangu huo ndio uamuzi bora, kwani unaheshimu namna Watibeti wenyewe wanavyotaja herufi moja moja wanapoendeleza neno.

Kuzipanga juu na chini ni kazi ya fonti. Fonti ikishindwa, utaona ka imesimama peke yake au visanduku vitupu. Usiyafute maandishi hayo: namba zake ziko salama, badilisha fonti tu.