Kampuni ndogo sokoni: kununua ni rahisi, kazi iko kwenye kuuza

Tangu Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ipeleke sokoni hatifungani yake ya kijani mwaka 2024 (yaani ikope kwa wananchi kwa ajili ya mradi wenye manufaa kwa mazingira), ile ya shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, maswali tunayoulizwa kwenye semina zetu hapa Tanga yamebadilika. Zamani tulikuwa tukieleza Soko la Hisa la Dar es Salaam ni kitu gani. Siku hizi mtu anakuja na simu mkononi, Hisa Kiganjani, programu ya kununua na kuuza hisa kwa simu, iko wazi, anataka kuambiwa anunue nini. Na mara nyingi keshaichagua kampuni ndogo kabisa kwenye orodha.

Kinachomvutia ni bei. Mama mmoja wa Ngamiani, muuza vitenge, aliniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, kuna hisa ya mia tano na hisa ya elfu tano. Si afadhali ninunue ya mia tano nipate nyingi?" Hapana, mama. Kampuni yenye hisa milioni 10 kwa shilingi 500 thamani yake sokoni ni bilioni 5. Yenye hisa milioni 1 kwa shilingi 5,000 ni bilioni 5 hizo hizo. Uliza kampuni inaingiza faida kiasi gani kwa kila hisa, inadaiwa nini, na mara ya mwisho ilitoa gawio lini. Wingi wa hisa mkononi hauongezi hata senti.

Kampuni hizi nyingi ziko kwenye dirisha la kukuza ujasiriamali, sehemu ya soko la hisa iliyotengewa kampuni ndogo na changa, ambalo mawakala wa hisa wanaliita EGM. Maendeleo Bank ndiyo iliyofungua njia mwaka 2013. Masharti yake yamelegezwa makusudi: kampuni changa inaweza kuingia bila historia ndefu ya faida, mradi iwe na mshauri mteule wa kuisimamia. Mimi naliunga mkono dirisha hilo, maana bila hilo biashara changa ingebaki kukimbizana na mikopo ya benki. Lakini sharti linapolegezwa kwa kampuni, mzigo wa kuchunguza unamhamia mnunuzi, na hili halisemwi vya kutosha.

Sasa tuje kwenye kuuza. Una hisa 5,000 na bei iliyoandikwa ni shilingi 500. Kichwani unajiona na shilingi 2,500,000. Januari inafika, ada ya shule inakubana, unaamua kuuza. Ukitazama oda za wanunuzi unamkuta mmoja anayetaka hisa 200 kwa shilingi 480, na mwingine hisa 500 kwa shilingi 400. Basi, hakuna wa tatu. Ukiwakubali wote wawili umeuza hisa 700 na kupata shilingi 296,000, kabla ya ada za wakala. Hisa 4,300 bado unazo, na bei umeishusha mwenyewe hadi 400. Ile 500 uliyokuwa ukiipigia hesabu ilikuwa bei ya watu wawili waliouziana mara ya mwisho, pengine wiki tatu nyuma. Kwenye mnada wa samaki pale Deep Sea ungeliona hilo kwa macho: wachuuzi wakishaondoka, bei ya asubuhi haikusaidii kitu. Kwenye simu huoni nani kaondoka.

Wala si kampuni ndogo peke yake. TBL, kampuni ya bia, ni jabali, lakini hisa yake ilikaa miaka kadhaa kwenye shilingi 10,900 kwa sababu waliokuwa wakiuziana walikuwa wachache. Kama hilo linaipata TBL, fikiria benki ya wananchi yenye wanahisa wachache ambao wengi hawana mpango wa kuuza.

Uchache huo huo unampa nafasi mjanja. Ananunua hisa mia chache kwa bei ya juu, bei inaruka, kisha picha ya skrini inasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp: "imepanda, wahini." Wanaowahi ndio anaowauzia. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza kuchezea bei namna hiyo, ila kesi huchukua muda, na hela yako itakuwa imeshaondoka.

Kuna pia suala la mtaji, hasa kwa benki ndogo. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo za Njombe, Meru na Kagera. Hizo hazikuwa sokoni. Yetu Microfinance ilikuwa sokoni tangu 2016, na Desemba 2022 Benki Kuu ikaiweka chini ya usimamizi wake. Mwenye akaunti benki inapofungwa analindwa na Bodi ya Bima ya Amana, kwa sasa hadi shilingi milioni 7.5. Mwanahisa halindwi, yeye hulipwa baada ya wadai wote, kama kuna kilichobaki. Hata benki ikiokolewa kwa kutoa hisa mpya, usipoongeza fedha fungu lako linapungua.

Ukiamua kununua hata hivyo, na wapo wanaofaidika, tumia fedha usiyoihitaji kwa miaka. Mwambie wakala akuonyeshe siku ambazo hisa hiyo ilibadilishana mikono ndani ya miezi sita na kwa idadi gani. Atakayekwepa swali hilo, mwache. Soma hesabu zilizokaguliwa, uanze na maoni ya mkaguzi kabla ya picha za mwenyekiti. Weka oda yenye kikomo cha bei, yaani taja bei ambayo hutaki kuivuka. Hakikisha wakala ana leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, na malipo yaingie kwenye akaunti ya kampuni yake, kamwe yasiingie kwenye namba ya simu ya mtu.