Je, Wajua Kwa Nini Kesi Huahirishwa Moshi Ilhali Wakili wa Serikali Yupo?

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama pale Moshi akisubiri kesi ya ndugu yake anaijua kauli hii: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kusikilizwa, lakini upande wa Jamhuri hatuna shahidi. Tunaomba ahirisho." Wakili wa Serikali amesimama, jalada analo mkononi, hakimu yupo, mshtakiwa kaletwa. Watu wanatoka nje wakinong'ona kwamba pesa imepita. Rushwa ipo na haifai kufichwa. Ila kuna jibu jingine ambalo wengi hawalifikirii, na hilo limo kwenye makaratasi ya bajeti yaliyoandikwa pengine hata kabla kosa lenyewe halijatendeka.

Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilianza kusimama peke yake Februari 2018. Kabla ya hapo shughuli za mashtaka zilikuwa ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mkurugenzi wa Mashtaka ametajwa na Ibara ya 59B ya Katiba, inayomtaka afanye kazi bila kuingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote. Uhuru huo ni wa kuamua nani ashtakiwe na nani asishtakiwe. Fedha ni habari nyingine: Hazina inaweka ukomo, Waziri wa Katiba na Sheria anaiombea Bungeni, kisha makao makuu Dodoma yanagawa kwa mikoa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Makisio lakini huandaliwa miezi mingi kabla, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Ofisi ya Moshi inatakiwa ikadirie safari, mafuta na posho za mwaka mzima bila kujua nani atauawa Rombo mwezi wa tisa, au operesheni ya mirungi kule milima ya Same itakamata watu wangapi. Mgahawa ukizidiwa na wateja hufunga mlango. Ofisi ya mashtaka haina mlango wa kufunga. Inaweza kulikataa jalada kwa sababu ushahidi ni hafifu, lakini haiwezi kulikataa kwa sababu mawakili ni wachache.

Hebu tuifuate kesi moja, ya kubuni lakini ya kawaida kabisa. Mtu ameuawa Rombo. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo mshtakiwa yuko mahabusu, gereza la Karanga mjini Moshi, hadi kesi ipangwe Mahakama Kuu. Siku inapangwa. Mpelelezi wa awali alishahamishiwa Mtwara. Daktari aliyeuchunguza mwili sasa yuko Dar es Salaam. Majirani wawili walioshuhudia ni wakulima, na hawana nauli ya kushuka mjini, achilia mbali kulala. Yule wa Mtwara hawezi kufika kwa siku moja: basi hadi Dar, kulala, kisha basi jingine hadi Moshi. Nauli, chakula, malazi, na kurudi vilevile. Kizimbani pengine atasimama saa moja. Na kama siku hiyo wakili wa utetezi ni mgonjwa, shauri linaahirishwa na gharama yote inaanza upya. Hakuna aliyeiandika safari hiyo ya pili kwenye makisio.

Jambo ambalo raia hatulioni ni kwamba siku moja ya kesi hutegemea mifuko ya ofisi kadhaa kwa wakati mmoja. Mpelelezi ni wa Polisi. Karandinga la kutoka Karanga linataka mafuta. Vielelezo vya dawa za kulevya na vinasaba vinasubiri taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye yuko chini ya Wizara ya Afya na ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Jaji na karani ni wa Mahakama. Wakili ni wa Mashtaka. Kila mmoja ana fungu lake la bajeti na mgao wake wa mwezi, na fedha haziji zote Julai. Zinatolewa kadiri Hazina inavyokusanya. Mmoja akikwama mwezi huo, wote wamekwama. Anayesimama kuomba ahirisho ni yule wakili, basi lawama zote anabebeshwa yeye.

Upande wa watumishi nao una mlolongo wake. Ikama, yaani hesabu ya watumishi wanaohitajika, inaweza kuonyesha kwamba ofisi inahitaji mawakili kadhaa zaidi, lakini ikama si ajira. Lazima kipatikane kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi, fedha za mshahara ziwemo kwenye bajeti, Sekretarieti ya Ajira itangaze nafasi, usaili ufanyike. Kisha kijana anaripoti, na hawezi kupewa kesi ya mauaji wiki ya kwanza. Wakati huohuo ofisi inatakiwa iwe na mtu Mahakama Kuu, mtu kwa Hakimu Mkazi, na watu wa kwenda Hai, Rombo, Mwanga na Same. Same peke yake ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Moshi. Mahakama ya Rufani nayo ikija na kikao chake, mawakili wazoefu ndio huondolewa kwenye kesi nyingine ili wakajibu rufaa.

Uhamisho ndio unaoniuma zaidi. Wakili aliyesikiliza mashahidi watatu kwa masikio yake anahamishwa, na anayempokea anabaki na maandishi tu. Hakumwona shahidi aliposita, wala hajui ni swali gani lilimtoa jasho mshtakiwa. Hakuna kifungu cha bajeti kinachoweza kufidia hilo.

Nchini Marekani mambo hupangwa kwingine. Katika majimbo mengi, mwendesha mashtaka wa kaunti huchaguliwa kwa kura, na sehemu kubwa ya fedha zake hupitishwa na baraza la kaunti hiyohiyo. Wananchi wanajua wa kumuuliza ni nani. Kwa upande mwingine, kaunti maskini hubaki na ofisi maskini. Utaratibu wetu wa fedha za taifa unaikinga mikoa isiyo na mapato, na mimi nauona ni bora kwa nchi yetu, ingawa unamweka mwamuzi wa fedha mbali na mahakama ya Rombo.

Sheria zimejaribu kupunguza mzigo. Mwaka 2019 yaliingizwa makubaliano ya kukiri kosa, ambayo humaliza shauri bila msururu wa mashahidi. Kanuni za 2021 ziliruhusu usikilizaji kwa njia ya mtandao. Mabadiliko ya 2022 yakataka upelelezi ukamilike kabla ya kesi kufunguliwa katika mahakama za chini, isipokuwa kwa makosa makubwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo ina ukomo kwa mashauri mengi ya mahakama za chini: maahirisho yakizidi jumla ya siku 60 bila cheti maalumu, mahakama isikilize shauri au imwachie mshtakiwa, ingawa anaweza kushtakiwa tena.

Mtandao unamfaa daktari aliye Dar es Salaam na mkemia aliye Arusha. Haumsaidii sana bibi wa Rombo aliyeona kila kitu kwa macho yake. Huyo anahitaji nauli, chakula na mahali pa kulala. Na mgao wa mwezi ukipungua, mishahara haiguswi, umeme na pango lazima vilipwe, kinachobaki kubanwa ni safari na posho. Ningependa wabunge wa Kilimanjaro, bajeti ya Katiba na Sheria itakapofika mezani, waulize swali moja tu: fedha za mashahidi zimetengewa kifungu chao kisichoguswa, au bado zimo kapu moja na mafuta ya magari?