Mpapai dume, mpapai jike na mpapai huntha

Shuka kutoka Moshi mjini kuelekea Kahe wakati mipapai inaanza kuchanua, utamkuta mtu ameinua shingo anakagua maua mti mmoja baada ya mwingine. Anatafuta dume. Dume halina siri: maua yake ni madogo, membamba, na yananing'inia kwa mashada kwenye vikonyo virefu. Ua la jike ni nene, limekaa karibu na shina, na ukilipasua kwa kidole unakuta kitunda cha kijani kimeshaanza. Kisha kuna huntha, ambaye ua lake lina chavua na kitunda pamoja. Papai lake ndilo lile refu. La jike huwa la mviringo na lina uwazi mkubwa ndani.

Kutenganisha dume na jike katika miti tofauti ni jambo adimu. Kati ya spishi zote za mimea inayotoa maua, zinazofanya hivyo ni takriban asilimia 6 tu. Mibuni ya arabika kule kihambani, shamba la nyumbani la Wachaga, ina jinsia zote mbili katika kila ua, na hujichavusha yenyewe. Mahindi nayo yana jinsia zote kwenye mmea mmoja, ila zimeachana: mbelewele juu ndiyo dume, na kila uzi wa ndevu za hindi unaelekea kwenye punje yake moja.

Kwa nini basi mingi ibaki na jinsia zote? Mmea hauwezi kutembea kumtafuta mwenzi. Ukiota peke yako porini na una vyote viwili, bado utapata mbegu. Lakini kujichavusha kuna gharama, ile ile inayotufanya tusioane ndugu wa tumbo moja: kasoro za urithi zilizojificha hukutana, na watoto wakawa dhaifu. Mparachichi umepata njia yake. Ua lake hufunguka kwanza likiwa jike, hufunga, kisha hufunguka tena siku ya pili likiwa dume. Aina ya Hass huanza na ujike asubuhi, aina ya Fuerte mchana, ndiyo maana kuzipanda jirani kunasaidia: moja ikiwa jike, nyingine ni dume.

Njia nyingine ni kutengana kabisa. Mwaka 1978 wanabiolojia Deborah na Brian Charlesworth walieleza jinsi hilo linavyoweza kutokea kwa hatua mbili. Kwanza, badiliko la jeni linaunyima mmea chavua. Umekuwa jike, na kwa kuwa hauwezi tena kujichavusha, mbegu zake zote ni za mchanganyiko, zina nguvu. Majike yakiongezeka, miti iliyobaki inafaidika zaidi ikitoa chavua nyingi, na badiliko la pili linaizima sehemu yake ya jike, ikawa dume. Mabadiliko hayo mawili lazima yakae karibu kwenye kromosomu moja, yasije yakachanganywa upya kila kizazi. Hapo ndipo kromosomu Y, ile inayobeba udume, huanzia.

Mpapai una kromosomu hizo: jike ni XX, dume ni XY, na huntha ana X pamoja na Y ya namna yake. Ninachokipenda zaidi ni kwamba safari yake haikuishia hapo. Y ya huntha imetokana na Y ya dume, na uchunguzi wa jeni unaonyesha ilijitenga takriban miaka 4,000 iliyopita, wakati watu wa Amerika ya Kati walipokuwa wakichagua miti ya kupanda. Jinsia zilizokuwa zimeachana zikaunganishwa tena shambani. Hata leo mpapai dume huweza kufunga vipapai vidogo kwenye vikonyo vyake virefu, na majirani wakasema umegeuka.

Kiinitete chenye Y mbili hufa. Kwa hiyo mbegu za huntha aliyejichavusha huzaa huntha wawili kwa kila jike mmoja, na dume hakuna. Mkulima anayejua hilo hupanda miche mitatu kwenye shimo moja, husubiri ua la kwanza, kisha hubakisha huntha mmoja na kung'oa mingine.