Upopulisti: kwa nini unamvuta mpiga kura aliyekata tamaa

Upopulisti ni siasa inayoigawa nchi mafungu mawili: wananchi wema upande huu, vigogo waliooza upande ule. Mgombea hujiweka na wananchi, kisha hudai kwamba yeye peke yake ndiye msemaji wao. Siasa hii haina mrengo maalumu, na wala si ngeni. Mwaka 1892 wakulima wa Marekani, wakiwa wameelemewa na madeni na gharama za kusafirisha mazao kwa reli, walimsimamisha James Weaver wa chama cha People's Party kugombea urais. Alipata kura zaidi ya milioni moja.

Wengi husema wapiga kura wa namna hii wamedanganywa. Naliona jibu hilo la kivivu. Aliyekata tamaa amekwisha kuzisikia ahadi zote, na hazimbabaishi. Kinachomgusa hutangulia ahadi: mtu anasimama jukwaani, anakiri kwamba mpiga kura huyo ameonewa, tena anamtaja aliyemwonea. Vyama vikongwe, kwa upande wao, humsomea takwimu za uchumi unaokua bila kufika mfukoni mwake.

Tazama Venezuela. Baada ya mapatano ya mwaka 1958, vyama viwili, AD na COPEI, vilipokezana urais kwa miongo kadhaa. Bei ya mafuta ikaanguka miaka ya 1980. Februari 1989 serikali ya Carlos Andrés Pérez ikapandisha bei ya petroli, nauli nazo zikapaa. Ghasia zikalipuka, na vyombo vya dola vikaua mamia ya watu. Miaka mitatu baadaye Hugo Chávez, mwanajeshi, alijaribu kuipindua serikali hiyo, akashindwa na kufungwa. Kwa kawaida doa kama hilo lingemmaliza mwanasiasa. Kwa watu waliovichoka vyama vyote viwili, lilikuwa ushahidi kwamba huyu si mwenzao wale wakubwa. Mwaka 1998 alishinda urais kwa asilimia 56 hivi.

Ndiyo maana kumkemea mgombea wa aina hii hakusaidii sana. Lugha yake chafu, dharau ya wasomi kwake, vichwa vya habari vya kumponda: vyote humjengea jina kwa wafuasi wake. Hata akishika madaraka na ahadi zikakwama, lawama ina pa kwenda. Atasema mahakama, magazeti na watumishi wa serikali ndio wanaomhujumu, na aliyemchagua kwa sababu ya hao hao hatashangaa kusikia hivyo.