Dawa Halali Ilivyoitwa Ghushi

Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Haja ilikuwepo, maana betri, kalamu na sabuni zilizobandikwa majina ya wizi zilikuwa zimejaa madukani. Mimi ni wakili wa miliki bunifu, yaani haki za wavumbuzi na wenye majina ya bidhaa, na sina ugomvi na mtu anayetaka jina la bidhaa yake lilindwe. Ugomvi wangu ni na kifungu cha 2, kinachoeleza kughushi ni nini. Kwa mujibu wake, anaghushi yeyote anayetengeneza, bila idhini ya mwenye haki, bidhaa inayofanana au kukaribia kufanana na ile iliyolindwa, iwe haki hiyo ipo Kenya au kwingineko.

Yasome maneno hayo ya mwisho ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Hataza, haki ya miaka 20 anayopewa mvumbuzi, huishia kwenye mipaka ya nchi iliyoitoa. Ya Marekani haina nguvu Kenya. Lakini kwa kifungu kile, kampuni yenye hataza Ulaya, ambayo haikuwahi kuomba ulinzi kwetu, ingeweza kudai kwamba dawa iliyoingia Mombasa kihalali ni ghushi. Na dawa ya jeneriki, yaani nakala ya dawa iliyotangulia, lazima ifanane na hiyo ya kwanza. Ina kiambato kilekile kwa kipimo kilekile, na Bodi ya Dawa na Sumu haiisajili mpaka kufanana huko kuthibitishwe. Sheria ya 2008 ilikaribia kukugeuza kufanana huko kosa la jinai, lenye kifungo cha hadi miaka mitano kwa kosa la kwanza.

Kuna mambo matatu ambayo hata magazeti huyatia kapu moja. Kuna dawa mbovu, yenye kiambato pungufu au isiyo nacho kabisa. Hiyo huua, na kuikamata ni kazi ya Bodi. Kuna dawa iliyobandikwa jina la kampuni nyingine ili kumdanganya mnunuzi, nao huo ni wizi wa alama ya biashara. Kisha kuna mgogoro wa hataza: dawa ni nzima, inauzwa kwa jina lake, ila kampuni fulani inadai uvumbuzi ni wake. Madai ya aina hii huhitaji mashahidi wa kemia na miaka mahakamani, na si ajabu hataza yenyewe ikabatilishwa mwishoni. Ukiyaita yote matatu ughushi, unampa afisa wa forodha kazi ya jaji. Kifungu cha 34 kilimwezesha mwenye haki kumwomba Kamishna wa Forodha azuie shehena kwa kuishuku tu.

Hofu hiyo ilikuwa na mifano hai. Mwishoni mwa 2008 forodha ya Uholanzi ilizuia losartan, dawa ya shinikizo la damu, iliyokuwa ikitoka India kwenda Brazil. Kule India dawa ilikuwa halali, na Brazil pia halali. Kwenye Uholanzi ilikuwa ikipita tu. Mapema 2009 ikazuiwa abakavir, dawa ya VVU iliyogharimiwa na UNITAID, mfuko wa kimataifa wa kununua dawa, kwa ajili ya wagonjwa wa Nigeria. Mei mwaka huohuo, Frankfurt, ilishikwa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, iliyokuwa njiani kwenda Vanuatu, eti jina linakaribiana na alama ya biashara ya Amoxil. Amoksilini ni jina la kimataifa la dawa yenyewe, halimilikiwi na yeyote. Dawa hizo zilikaa wiki kadhaa hadi mwenye alama aliposema hakuna haki yake iliyovunjwa.

Sheria ya Kenya ilipoanza kutumika Julai 2009, watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu kuipinga. Waliishi kwa dawa za jeneriki. Mwaka 2000 dawa za mgonjwa mmoja zenye majina ya kampuni kubwa zilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya dawa ya Cipla ya India ikajitolea kuliuzia shirika la tiba la Madaktari Wasio na Mipaka mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa mgonjwa. Kenya nayo ilijiandalia njia kupitia Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001, iliyoruhusu kuingiza dawa zilizokwisha kuuzwa kihalali katika nchi nyingine. Kifungu cha 2 kilitishia kuiziba njia hiyo.

Aprili 2010 mahakama ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa vifungu hivyo dhidi ya dawa za jeneriki. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 (kinachotaja makosa) na 34, kwa kadiri vinavyogusa upatikanaji wa dawa hizo, vinakiuka haki za uhai, utu na afya zilizomo katika ibara za 26, 28 na 43 za Katiba. Utetezi wa Serikali ulikuwa kwamba sheria ilikuwa na kauli ya kuilinda ile ya 2001. Jaji hakuridhika. Dawa za kuokoa maisha haziwezi kuachwa zitegemee jinsi afisa wa forodha au mwenye hataza atakavyoielewa sentensi yenye utata. Ninaikubali hoja hiyo kwa moyo wote, kwa sababu madhara huanza siku shehena inapozuiwa. Mgonjwa akikosa ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, kwa wiki chache, virusi vinaweza kujenga usugu, na hakuna hukumu itakayomrudishia dawa iliyoacha kumsaidia.

Mahakama iliitaka Serikali ikitazame upya kifungu cha 2. Lakini mwaka 2018 yakaja marekebisho yanayotaka haki za miliki bunifu zinazohusu bidhaa ziingiazo Kenya ziandikishwe kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi, popote pale ziliposajiliwa. Mipaka ya nchi imepuuzwa tena.

Tanzania na Uganda zina nafasi ambayo Kenya haina. Zikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, zimesamehewa na Shirika la Biashara Duniani wajibu wa kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Wabunge wao wakinakili kifungu chetu cha 2, msamaha huo watakuwa wameutupa wenyewe.

Ningepewa kalamu, ningeandika hivi: forodha izuie tu alama za biashara zilizoibwa waziwazi, ubora wa dawa ubaki kwa Bodi, na mwenye hataza aende mahakamani na cheti chenye nguvu Kenya, aweke dhamana ya fidia, dawa zikiendelea kutoka bandarini wakati kesi inasikilizwa.